Nani Anashika Usukani? Jinsi Vyombo vya Angani Vinavyojua Njia Mahali Pasipo na GPS

Tangu ile pete kubwa ya chuma ianguke kijijini Mukuku, kaunti ya Makueni, tarehe 30 Desemba 2024, habari za anga za juu zimehamia kwenye vibanda vya vinyozi. Pete ile ilikuwa na upana wa mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500, na shirika letu la kitaifa la anga lilieleza kwamba ni kipande cha roketi. Kwa kinyozi ninakonyolewa, hapa Kawangware, mzee mmoja aliuliza swali ambalo sijalisahau: "Sasa dereva wake alikuwa wapi?"

Pete haikuwa na dereva. Ni kipande kilichoachwa na roketi iliyokwisha kufanya kazi yake, kikazunguka hadi kikaanguka. Lakini swali la mzee lina uzito ukiliuliza kuhusu vyombo vinavyokwenda mbali hasa, Mirihi, Mshtarii na kupita huko. Wateja walijibu wenyewe. Mmoja alisema kuna mtu Marekani ameshika rimoti. Mwingine akasema ni GPS tu, kama ya teksi. Kijana aliyekuwa akingoja zamu yake akasema siku hizi kila kitu kinaendeshwa na akili mnemba. Nilitoka pale na kichwa kimenyolewa, nusu ya mawazo yangu yakiwa bado kwenye kiti, kwa sababu majibu yote matatu hayakuwa sahihi, na jibu lenyewe ni zuri kuliko yote.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Ninaposema anga za mbali, namaanisha huko ambako mikataba ya kimataifa ya mawasiliano inahesabu kuanzia kilomita milioni 2 kutoka Duniani. Mwezi uko kilomita 384,000 hivi, kwa hiyo kwa hesabu hiyo Mwezi ni jirani wa kuombana chumvi. Na ninaposema chombo kinajiongoza, namaanisha kwamba chenyewe kinapima kilipo, kinaamua kirekebishe nini, kisha kinarekebisha bila kungoja amri kutoka Duniani. Kiswahili kina neno la zamani la kazi hii. Kabla ya ndege kuja, rubani alikuwa baharia aliyeyajua mawe na mikondo, akaongoza chombo mpaka bandarini. Nahodha alikuwa mkuu wa chombo, lakini pale penye hatari aliyesikilizwa ni rubani.

Kuna jambo moja zaidi la kutenganisha, na wengi huchanganyikiwa hapa. Kujua uko wapi si sawa na kujua umegeukia wapi. Mtu aliyefungwa kitambaa machoni akakalishwa katikati ya Uhuru Park anaweza kuambiwa mahali alipo, lakini asijue kama amelipa kisogo jiji au amelitazama. Chombo cha angani kinahitaji yote mawili. La kwanza nitaliita mahali, la pili nitaliita mkao.

GPS inaishia wapi

Simu inapokuonyesha kwamba uko Kencom, imesikia mawimbi ya setilaiti zisizopungua 4, ikapima kila wimbi limechukua muda gani kufika, ikapiga hesabu. Setilaiti hizo ziko juu kilomita 20,200 hivi, kama safari ya Nairobi na Mombasa mara arobaini na kidogo. Antena zake zimeinamia Dunia. Wanaoishi mitaa yenye zile taa ndefu za mulika mwizi wataelewa: mwanga wote unamwagwa chini, wanaoufaidi ni walio chini yake. Ndege wa usiku anayepita juu ya mlingoti hapati kitu isipokuwa mwanga mdogo unaovuja pembeni.

Mwanga huo wa pembeni ndio uliotumiwa Machi 2025, pale kipokezi kiitwacho LuGRE, kilichobebwa na chombo Blue Ghost, kilipofaulu kujua mahali kilipo juu ya uso wa Mwezi kwa mawimbi ya GPS na ya mfumo wa Ulaya, Galileo. Ilikuwa mara ya kwanza, na ilikuwa kazi kubwa. Lakini Mirihi, hata inapotukaribia sana, iko kilomita milioni 55 hivi. Huko mawimbi hayo hayafai chochote. Kwa hiyo jibu la GPS tuliweke kando.

Kuelekeza mgeni kwa simu

Kwa miaka mingi, na hata leo kwa vyombo vilivyo vingi, anayejua mahali pa chombo si chombo. Ni watu walio Duniani. NASA, shirika la anga la Marekani, ina mtandao wa antena kubwa katika vituo vitatu: Goldstone huko California, karibu na Madrid nchini Uhispania, na karibu na Canberra nchini Australia. Vimegawana Dunia kama mafiga matatu, ili inapozunguka, kuna kituo kinachokiona chombo muda wote. Sahani kubwa zaidi ya kila kituo ina upana wa mita 70.

Kupima umbali ni jambo ambalo watoto hulifanya wakitembelea magenge ya Hell's Gate. Unapiga ukelele, unahesabu, unasikia mwangwi. Antena hutuma wimbi la redio, chombo hulirudisha, na kwa kuwa redio husafiri kilomita 300,000 kila sekunde, muda wa kwenda na kurudi hutoa umbali. Kasi hupatikana kwa njia unayoisikia kila siku Ngong Road. King'ora cha ambulensi kinapokujia husikika chembamba, kikishakupita hushuka na kuwa kizito. Wimbi la redio nalo hubana au hutanuka kulingana na mwendo wa chombo, na wahandisi husoma tofauti hiyo kwa umakini mkubwa hivi kwamba hujua kasi bila kukosea hata milimita moja kwa sekunde. Wakikusanya vipimo vya siku nyingi, wanachora njia nzima.

Hesabu hizo huweza kukosewa na binadamu vilevile. Septemba 1999 chombo Mars Climate Orbiter kilifika Mirihi kikapita chini mno, kilomita 57 hivi kutoka usoni badala ya zaidi ya 200, kikapotea. Programu moja ya Duniani ilikuwa ikitoa nguvu za vijinjini kwa vipimo vya Kiingereza, nyingine ikizipokea kana kwamba ni za mfumo wa metriki. Ni kama mmoja anapima mahindi kwa gorogoro, mwenzake anaandika kilo, na kwa miezi kadhaa asiwepo wa kusema hebu tulinganishe.

Sasa fikiria mgeni anatoka ushago, hajawahi kuja kwako Umoja, na unamwelekeza kwa simu. "Shuka stegi ya pili. Umeona duka la rangi ya kijani? Sasa kata kushoto." Inawezekana, kwa sababu mnasikizana papo hapo. Lakini Mirihi, sauti yako inachukua kati ya dakika 3 na 22 kufika, kutegemea sayari zimekaaje. Mgeni anapokwambia ameliona duka la kijani, ameshalipita zamani. Unapomwambia kata kushoto, yeye yuko Kayole.

Hapo ndipo hadithi ya rimoti inapokufa. Hakuna mtu awezaye kuendesha kitu kwa rimoti ambacho jibu lake linakuja baada ya robo saa. Amri hupangwa mapema, za saa nyingi au siku nyingi, zikatumwa kwa pamoja, na chombo kikazitekeleza kwa saa yake chenyewe.

Jambo linalofanya utaratibu huu uwezekane ni kwamba angani hakuna barabara ya kukunja kona. Watu hudhani injini inawaka safari nzima kama ya basi. Vyombo vingi huwasha injini kwa nguvu mwanzoni, kisha huelea kwa miezi, vikivutwa na Jua na sayari peke yake. Ni pasi ya mpira: fundi hampi winga mpira pale aliposimama, humtupia pale atakapokuwa. Chombo cha Mirihi hurushwa mahali ambapo Mirihi itafika miezi 7 hivi baadaye, na njiani husukumwa kidogo mara chache ili kusahihisha. Na kwa kuwa sinema zimetujaza picha za rubani akikwepa mawe kushoto na kulia, niseme pia kwamba ukanda wa asteroidi, yale mawe yanayozunguka Jua, ulio kati ya Mirihi na Mshtarii ni mtupu mno. Pioneer 10 iliuvuka kati ya 1972 na 1973 bila kugongana na chochote, na vyombo vilivyofuata vimepita vivyo hivyo.

Nyota ya mabaharia wetu

Mkao ni habari nyingine, na hapo vyombo vimejitegemea tangu zamani. Kila chombo kikubwa hubeba kamera ndogo ya kutazama nyota. Kompyuta yake ina orodha ya maelfu ya nyota na jinsi zilivyokaa. Kamera inapiga picha, kompyuta inafananisha mpangilio na orodha, inasema: nimeelekea huku. Nyota ziko mbali kiasi kwamba ukisimama Mirihi utaziona zimekaa vilevile unavyoziona ukiwa Ngong. Ndiyo maana zinafaa kwa mkao, na ndiyo maana hazikuambii mahali.

Vyombo viwili vya Voyager, vilivyoondoka Duniani mwaka 1977, viliundwa vijiweke sawa kwa kutazama Jua na nyota moja ang'avu ya kusini iitwayo Canopus. Nilipolisoma jina hilo mara ya kwanza halikuniambia kitu. Baadaye nikagundua kwamba Waarabu huiita Suhayl, na kwamba manahodha wa pwani yetu walisema suheli kwa maana ya kusini, kwa sababu ndiyo nyota iliyowaonyesha upande huo. Neno limo kwenye kamusi za Kiswahili hadi leo. Nyota iliyoshikiliwa na jahazi lililotoka Lamu ndiyo ile ile iliyoandikwa kwenye kumbukumbu za chombo kilichokwenda kuona Zohali. Ukitaka kuiona, ngoja katikati ya Februari, mwendo wa saa tatu usiku, usimame mahali pasipo na taa nyingi. Karibu na utosi kuna nyota ang'avu kuliko zote za angani, Sirius. Suheli iko chini yake, upande wa kusini, na ndiyo ya pili kwa mng'ao.

Voyager 2 ilitufunza mwaka 2023 kwa nini mkao si jambo dogo. Mwezi Julai watu wa Duniani walituma amri yenye kosa, antena ya chombo ikageuka nyuzi 2 tu mbali na Dunia. Nyuzi 2 ni kitu ambacho jicho haliwezi kukigundua kwenye mlango uliofunguliwa. Lakini chombo kilikuwa karibu kilomita bilioni 20 kutoka hapa, na kwa umbali huo nyuzi 2 zilitosha kututoa kabisa kwenye mstari. Kimya kikatanda. Sahani ya mita 70 ya Canberra ikapiga ukelele kwa nguvu zake zote kuelekea huko, ukelele ukasafiri saa 18 na nusu, na saa 37 baada ya kutumwa, tarehe 4 Agosti, jibu likaja: chombo kimesikia, kimegeuka. Lakini linalonigusa zaidi ni hili. Hata kama ukelele usingesikika, Voyager 2 ilikuwa imepangiwa tangu awali kutafuta upya mkao wake yenyewe mara kadhaa kila mwaka, na zamu iliyofuata ilikuwa tarehe 15 Oktoba. Waliokiunda zaidi ya miaka 45 nyuma walijua kwamba siku moja watoto wao au wao wenyewe watakosea, wakakipa namna ya kujirudi.

Chombo kinapopewa picha ya lango

Turudi kwa yule mgeni. Ikiwa simu haifai, utafanyaje? Utampa picha kabla hajaondoka. Hili ndilo duka, huu ndio mwembe, hili ndilo lango la bluu. Ukiliona lango, bisha. Ukikuta mbwa nje, usisogee, rudi stegi.

Hivyo ndivyo kujiongoza kulivyoanza. Chombo Deep Space 1, kilichorushwa Oktoba 1998, kilikuwa cha kwanza kujipimia mahali katika anga za mbali. Njia yake unaweza kuijaribu ukiwa kwenye matatu Lang'ata Road, ukitazama mbugani. Miti ya karibu na ua inakimbia kurudi nyuma. Milima ya Ngong haisogei. Ukiona mti fulani umesimama sawasawa na kilele fulani, basi uko kwenye mstari mmoja unaojulikana. Ukipata mti mwingine uliosimama sawa na kilele kingine, una mstari wa pili, na mahali mistari miwili inapokatana ndipo ulipo. Kwa Deep Space 1, asteroidi za karibu zilikuwa miti, na nyota za mbali ndizo milima. Kilipiga picha, kikapima asteroidi imekaa wapi mbele ya nyota, kikapiga hesabu, kikasahihisha njia yake.

Haikuwa ajabu isiyo na doa. Julai 1999 kilipita kilomita 26 hivi kutoka asteroidi Braille, lakini asteroidi hiyo ilionekana hafifu kuliko ilivyotarajiwa, kompyuta ikashindwa kuishika machoni, na picha za karibu zikakosekana. Miezi michache baadaye kamera yake ya nyota ikafa kabisa. Wahandisi wakaandika upya programu yake kutoka Duniani, wakaigeuza kamera ya sayansi iwe ndiyo ya kutazama nyota, na Septemba 2001 chombo hicho kilichokwisha kuhesabiwa mgonjwa kikapita kando ya nyotamkia Borrelly na kuleta picha za kiini chake. Mimi huyaweka matukio hayo mawili pamoja kila ninapozungumzia jambo hili. Kujiongoza hakumaanishi kwamba watu wameondoka.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa tarehe 26 Septemba 2022. Chombo DART kilitumwa kwenda kugonga kwa makusudi asteroidi Dimorphos, yenye upana wa mita 160 hivi, ili ionekane kama jiwe la namna hiyo laweza kusukumwa likabadili njia. Dimorphos huizunguka asteroidi kubwa zaidi, Didymos. DART ilikuwa ikienda kilomita 6 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo Thika hadi katikati ya jiji ni sekunde 7. Umbali kutoka Duniani ulikuwa kilomita milioni 11 na zaidi, yaani ujumbe ulichukua sekunde 38 kwenda na nyingine 38 kurudi. Sekunde 76 zinasikika chache, lakini piga hesabu: ndani yake DART ilisafiri kilomita 460, kama kutoka hapa mpaka Mombasa. Mtu aliyetaka kuirekebisha kwa rimoti angekuwa anatazama picha ya Nairobi huku chombo kikiwa kimefika Likoni.

Kwa hiyo saa 4 hivi kabla ya kugonga, DART ilikabidhiwa usukani. Kwa muda mrefu kamera yake iliona nukta moja tu ya mwanga, Didymos. Dimorphos haikujitenga mpaka saa ya mwisho. Programu ilikuwa imeelezwa mapema: tafuta nukta kubwa, uiandame, kisha itakapotokea ndogo pembeni, iache kubwa uiandame ndogo. Ikafanya hivyo. Kwenye chumba cha uongozaji watu walikaa wakitazama picha zikija moja kila sekunde, jiwe likikua mpaka mawe yake madogo yakahesabika, kisha picha ikakatika. Muda ambao Dimorphos huchukua kuizunguka Didymos, uliokuwa saa 11 na dakika 55, ulipungua kwa zaidi ya nusu saa.

Kugonga ni rahisi kuliko kugusa. Chombo OSIRIS-REx kilipofika asteroidi Bennu mwishoni mwa 2018, wahandisi walitarajia kukuta sehemu pana za changarawe. Wakakuta mawe, mengine makubwa kama nyumba. Kifaa cha leza walichotegemea kwa kushukia hakingetosha pale, wakaigeukia kamera. Walipiga picha za Bennu kila pembe, wakachagua alama, mwamba huu, shimo lile, wakaziweka kwenye kumbukumbu ya chombo. Tarehe 20 Oktoba 2020, ujumbe ukichukua zaidi ya dakika 18 kufika, chombo kilishuka kikilinganisha kinachokiona na kile kilichoonyeshwa, kikigundua kimepotoka kiasi gani, kikijirudisha. Kilikuwa na ramani ya sehemu za hatari vilevile, na ruhusa: ukifika mita 5 kutoka chini ukaona unaelekea kwenye mwamba, ghairi, panda juu. Yule mbwa nje ya lango. Hakikughairi. Kiligusa mita moja hivi kutoka pale palipokusudiwa, na udongo wa Bennu ukafika Duniani Septemba 2023.

Gari la Perseverance lilitua Mirihi Februari 2021 kwa njia ya jamaa moja na hiyo, likilinganisha ardhi chini yake na ramani liliyobeba. Kushuka kote kulichukua dakika 7, na ujumbe ulichukua 11. Habari kwamba limeanza kuingia kwenye anga ya Mirihi ilipofika Duniani, lenyewe lilikuwa limeshatua kitambo.

Sasa, hiyo si akili mnemba? Kijana wa kwa kinyozi angeniuliza hivyo. Kompyuta kuu ya Perseverance hukimbia kwa megahezi 200. Simu ya bei ya chini kabisa pale Luthuli Avenue inaishinda mara nyingi. Kompyuta za angani huwa za aina ya zamani kwa sababu lazima zistahimili mionzi ambayo ingeiua simu yako. Zinachofanya ni kulinganisha picha na hesabu kwa kanuni zilizoandikwa na watu, zikajaribiwa maelfu ya mara kabla ya kurushwa. Ndiyo maana napenda kusema chombo kimekabidhiwa kuliko kusema kinafikiri. Aliyekabidhiwa kitu huwa ameelezwa mpaka wake.

Bila kupiga simu kabisa

Bado kuna shida moja. Hata vyombo hivi vilivyojishusha vyenyewe vilifikishwa karibu na lengo kwa vipimo vya antena za Duniani. Na antena ni chache. Kila chombo kipya kinapanga mstari kama mitungi kwenye kioski cha maji siku ambayo mfereji mmoja tu unatoa. Njia moja ya kupunguza mstari huo ni saa.

Tuseme kanisa la mtaani hupiga kengele saa sita kamili mchana, na saa yako ni sahihi. Ukiisikia kengele sekunde 3 baada ya saa sita, unajua uko kilomita moja hivi kutoka kanisani, wala hukuhitaji kumpigia mtu simu. Chombo chenye saa nzuri kingesikiliza wimbi kutoka Duniani, lililowekwa muhuri wa muda, kikajua umbali wake bila kurudisha jibu. Tatizo ni kwamba mwanga si sauti. Saa ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, umekosea mita 300. Kati ya 2019 na 2021 NASA ilijaribu kwenye obiti saa ya atomiki ya zebaki, ndogo kiasi cha kubebeka, ambayo iliundwa isipoteze hata sekunde moja katika miaka milioni 10.

Na kama hata Dunia haisikiki? Hapo zinaingia pulsari. Mwaka 1967 Jocelyn Bell Burnell, akiwa mwanafunzi Cambridge, aligundua mdundo wa redio kutoka angani uliokuwa ukirudi kwa usawa wa ajabu. Ulikuwa ukitoka kwenye maiti ya nyota, mpira mzito mno wenye upana wa kilomita 20 hivi, unaozunguka na kupitisha miale yake kama mnara wa taa wa Ras Serani unavyopitisha mwanga baharini. Kila pulsari ina mdundo wake, kama vile watu wa mtaa wanavyoijua matatu yao kwa honi kabla haijakunja kona. Ukiwa na jedwali la saa ambayo kila mdundo unapaswa kufika, na mmoja ukawahi huku mwingine ukichelewa, unaweza kujua umesogea upande gani na kwa kiasi gani. Ni kengele za kanisa, isipokuwa zimetawanyika kote angani na hakuna anayelipwa kuzipiga.

Novemba 2017 jaribio liitwalo SEXTANT, lililofanywa kwa darubini NICER kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, lilisikiliza pulsari chache zinazozunguka mamia ya mara kwa sekunde. Lengo lilikuwa kujua mahali pa kituo bila kukosea zaidi ya kilomita 16, huku kituo kikizunguka Dunia kwa kasi ya kilomita 28,000 kwa saa. Lilifikiwa.

NICER haisikilizi redio. Inapokea eksirei, mionzi ya aina ile ya kupigia picha mifupa hospitalini, na hapa ndipo ninapotamani yule mzee awe amekaa karibu nami. Setilaiti ya kwanza kabisa iliyoundwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani haikurushwa kutoka Florida. Ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco la Waitalia, lililosimama baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, Jamhuri Dei. Kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji, ikaitwa Uhuru, na jina hilo la Kiswahili limo kwenye vitabu vya wanaastronomia ulimwenguni kote. Riccardo Giacconi, aliyeongoza sayansi yake, alipata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Uhuru iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei. Mwaka 1971 ilikigundua kimoja, Centaurus X-3, kikipiga mdundo kila baada ya sekunde 4.8. Si pulsari ya aina ile ile iliyotumiwa na SEXTANT, lakini nayo ilionyesha kwamba anga ya eksirei ina midundo.

Kinachozuia njia hii isitumike tayari kwenye safari za Mshtarii ni ukubwa. NICER ni kama mashine ya kufulia nguo, na chombo kinachohesabu kila gramu hakiwezi kuibeba kwa ajili ya kutafuta njia tu. Eksirei za pulsari nazo hufika chache mno, inabidi kifaa kikae kikizikusanya kwa muda mrefu kabla mdundo haujasomeka. Wanaofanya kazi hiyo sasa wanatafuta vioo vyepesi zaidi na namna ya kusoma mdundo kwa eksirei chache zaidi.